Kitabu cha mchicha: namna ya kumtengenezea mtoto kitabu cha kilimo, kuanzia kwenye udongo

Mwanangu wa pili alipewa zawadi kitabu cha herufi, kizuri kweli, karatasi zinang'aa. Kufika kwenye T kumeandikwa TUFAA na picha ni lile tunda jekundu gumu la kwenye friji za maduka makubwa, linalokuja na kistika chake. Sasa sie hapa Pemba, nje ya Chake Chake, tuna mtufaa nyuma ya jiko, ukitoa maua ardhi yote chini inakuwa ya waridi kama mtu kamwaga rangi, na tufaa lenyewe ni laini, jeupe ndani, la majimaji. Mtoto ana miaka 4 kaniangalia kaniambia, "Mama, hili si tufaa, hili epo."

Basi pale ndo nlipoanza. Mpaka leo nshatengeneza vitabu 5 vya nyumbani na wanangu, vyote vya vyakula na mimea, na kila nikipost picha watu wananiuliza nnafanyaje, wengine walimu wa skuli za maandalizi. Nikaona niandike mara moja yote. Mie si mwandishi wala mchoraji, mie fundi cherehani, kwa hiyo msinitegemee kwenye kuchora, ila kwenye kushona kitabu nifateni bila wasiwasi.

Kwanza kabisa: panda, usiandike

Kosa nlilolifanya na kitabu changu cha kwanza ni kukaa mezani nikaanza kuandika kutoka kichwani. Nikaandika mkulima, nikamtia na trekta, nikaandika ngano kwa sababu watoto wanapenda chapati. Mtoto kauliza ngano ikoje, nkakwama, maana mie mwenyewe sijapata kuuona mmea wa ngano kwa macho, unga wote tunaokula huku unakuja kwa meli. Kitabu hakikuisha. Nawaambia tu, mkono wa mtoto ukianza kuingia kwenye udongo maneno yanakuja yenyewe, ukianza na maneno utaishia kuandika vitu ulivyovisoma kwa wenzio.

Kwa hiyo chagua mmea ambao (1) mnaula nyumbani, (2) unaota kwenu, na (3) unaisha kabla mtoto hajausahau. Hii ya tatu ndo inayowaponza wengi. Mtoto wa miaka 4 subira yake ni wiki tatu nne, zaidi ya hapo anaona unamdanganya. Mchicha unatoa vichwa ndani ya siku 3 mpaka 5 na wiki ya nne mnaanza kula, huo ndo nnaoupendekeza kwa wote wanaoanza. Kunde nazo nzuri, mbegu kubwa, kidole cha mtoto kinaishika, na majani mnachuma mapema wakati mnasubiri kunde zenyewe. Chooko (choroko) ukiziroweka usiku ukazilaza kwenye kitambaa kibichi siku ya pili ushaona kimzizi, hiyo kwa mtoto ni kama mazingaombwe, lakini mpaka zikomae ni miezi miwili na ushei. Tungule (nyanya) zinafaa kwa mtoto wa skuli ya msingi. Muhogo mwaka mzima karibu, uacheni. Mkarafuu ndo kabisa, unapanda leo unachuma baada ya miaka 6 na kuendelea, mtoto keshaota ndevu.

Ila karafuu ina njia yake: hicho kinakuwa kitabu cha kwenda kwa babu. Msimu ukifika mpeleke mtoto shamba akaone zinavyochumwa zikiwa bado hazijafunguka maua, akae chini kwenye jamvi achambue azitenganishe na makonyo, vile vijiti vyake, zianikwe juani siku nne tano aone zinavyotoka kijani na wekundu zikawa za udongo mweusi. Pima na mizani kama mnayo, kilo 3 mbichi zinabaki kama kilo 1 tu, hiyo peke yake ni ukurasa. Juu ya mti lakini asipande, hata kama babu anasema yeye alipanda akiwa na miaka 7.

Kupanda kwenyewe, na daftari pembeni

Udongo wetu Pemba haugombi na mtu, lakini najua walioko upande wa mashariki wa Unguja, Paje, Jambiani, Makunduchi huko, wana mawe tu, ukipiga jembe linarudi. Nyie tumieni ndoo mbovu, debe, beseni lililopasuka, toboeni matundu chini, tieni udongo na samadi iliyooza vizuri. Mchicha hauna makuu.

Mbegu za mchicha ni ndogo mno, nyeusi zinang'aa, mtoto akizimwaga anazimwaga zote sehemu moja. Changanya kijiko kimoja cha mbegu na kikombe cha mchanga mkavu, halafu mwache amwage mchanga, zitatawanyika zenyewe. Zifunikwe udongo kidogo sana, kama unavyonyunyiza chumvi, ukizizika hazitoki. Maji mwagia kwa chupa ya plastiki yenye kifuniko ulichokitoboa kwa sindano ya moto, asubuhi na jioni, na juu weka kuti siku za mwanzo jua lisiunguze. Kama ni masika kwenye mvua zile za mwezi wa nne subirini zipungue, mvua moja nzito inachukua mbegu zote mpaka kwa jirani.

Kila siku jioni kaa na mtoto dakika 5 na daftari. Yeye achore anachokiona, wewe andika ANACHOKISEMA, kama kilivyo. Usisahihishe. Mwanangu siku ya 4 alisema "mchicha umetoa masikio", na kweli yale majani mawili ya mwanzo ni masikio. Ingekuwa mie ningeandika "mbegu zimechipua" na hakuna mtoto hata mmoja angenyanyua macho.

Siku ya 9 kuku wa jirani waliingia wakala tuta zima. Nilikasirika jamani, mtoto alilia mpaka akalala. Tukapanda upya, tukazungushia chandarua kibovu. Lakini sasa hivi ukimpa mtoto yeyote kile kitabu anakwenda moja kwa moja kwenye kuku. Bila wale kuku kingekuwa kitabu cha watu waliopanda mchicha ukaota wakala, nani atakisoma mara ya pili? Kwa hiyo balaa likitokea usilifiche, lipigeni picha.

Majina, hapa tulieni kidogo

Hii sehemu ndo nnayoipenda kuliko zote na naona vitabu vingi vinaipita tu. Lugha yetu inakijua chakula kwa hatua zake. Kikiwa shambani ni mpunga, kikikobolewa ni mchele, kikiiva ni wali, kilichogandia chini ya sufuria ni ukoko, na kila kimoja mtoto anakijua ila hajui kama ni kitu kimoja! Mwanangu mkubwa, yuko darasa la pili, aliganda kabisa nilipomwonesha bonde la mpunga nikamwambia ule ndo wali. Hicho ni kitabu kizima, kurasa nne, sentensi nne.

Na nazi je? Kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Kwenye mnazi mmoja siku moja unaweza kumwonesha mtoto zote tano zinaning'inia, hamna haja hata ya kusubiri, maana mnazi unazaa mwaka mzima, dafu lina karibu miezi 7 na nazi kavu karibu mwaka. Halafu mkiiangusha majina hayaishi: kumbi, kifuu, tui, chicha. Mtoto akae juu ya mbuzi akune (mshikie, ile meno haina mchezo), aone tui linavyotoka, chicha wapewe kuku, wale wale waliokula mchicha.

Tena andika jina mnalolitumia nyumbani. Kwetu ni tungule, mbatata, chooko. Vitabu vinavyotoka bara vinaandika nyanya, viazi, choroko, na skuli atakutana navyo, sawa, mwandikie mwisho wa kitabu orodha ndogo: "Tungule, wengine huziita nyanya." Lakini ndani ya hadithi mwache ale tungule. Mwalimu mmoja aliniambia nnamchanganya mtoto. Hachanganyikiwi, watoto wa huku wanasoma Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza kwa siku moja, tungule na nyanya ndo zitawashinda?

Karatasi

Chukua A4 za kawaida 4, zikunje katikati zote pamoja, unapata kurasa 16. Jalada ni manila ya rangi, ikate saizi ya A4 uikunje hivo hivo. Kabla hujachora wala kuandika chochote andika namba za kurasa kwa penseli pembeni zikiwa zimekunjwa, kuanzia 1 mpaka 16, maana ukizitawanya baadae ukurasa wa 2 na wa 15 vinakaa kwenye karatasi moja na kichwa kitakuuma. Namba ziwe kubwa pia kwa sababu nyengine: wanangu wanakwenda chuoni, chuo cha Kurani, wamezoea kufungua juzuu kutoka kulia, yule mdogo kila kitabu anaanzia mwisho. Nilimchorea kuku mdogo juu ya jalada, nkamwambia kuku ndo mlango.

Ukurasa wa 8 na wa 9 ndo katikati, karatasi moja nzima isiyokatwa, picha inaweza kupita huku na huku bila kuvunjika. Weka pale tukio kubwa. Sie tumeweka kuku.

Mpangilio wetu ulikuwa hivi, unaweza kuuiba: ukurasa wa 1 jina la kitabu na la mtoto, 2 na 3 mbegu, 4 na 5 kumwaga na kutia maji, 6 na 7 masikio yanatoka, 8 na 9 kuku, 10 tunapanda tena, 11 chandarua, 12 tunang'oa iliyobanana (hiyo midogo iliyong'olewa nayo inaliwa, usitupe), 13 kuvuna, 14 kupika, 15 sahani, 16 namna ya kupika kwa ajili ya mama wa watu watakaoazima.

Maneno

Kwa mtoto ambaye bado hajaenda darasa la kwanza ukurasa mmoja sentensi moja, isome kwa sauti, ikikushinda kwa pumzi moja ikate. Wa darasa la kwanza na la pili mpe mbili tatu. Mtafutieni neno moja linalorudi rudi. Letu lilikuwa BADO, kwa sababu kila siku alikuwa ananiuliza tule leo na mie namjibu bado:

Mbegu tushazimwaga. Tule leo? Bado.
Mchicha umetoa masikio. Tule leo? Bado!

Swali liweke ukurasa wa mkono wa kulia, jibu liwe ukifungua. Mtoto anapiga kelele "BADO" kabla hujafungua, hata wasiojua kusoma wanakisoma. Na kwenye ukurasa wa kuku hatukuandika neno lolote, kuku tu na tuta tupu, nkaona kila mtoto anakisimulia mwenyewe. Ukurasa wa 15 umeandikwa: Tule leo? Tule.

Mnaweza kutia kitendawili pia. Cha nanasi anakijua kila mtu, kuku wangu katagia miibani, basi ukurasa mmoja kitendawili, wa pili jibu na picha. Methali lakini ziacheni, na yale maneno ya "watoto wazuri hula mboga", mtoto anayasikia kutwa.

Picha na rangi

Mtoto ndo achore, hata kama mchicha wake unafanana na pweza. Wewe pitia mistari kwa kalamu nyeusi ya maka ili ikitolewa kopi ionekane, penseli peke yake kwenye fotokopi haitoki.

Rangi za dukani zipo, ila tulijaribu za jikoni na sasa hawataki tena krayoni. Manjano ya unga na maji kidogo ndo njano. Jani la mchicha ukilisugua moja kwa moja kwenye karatasi linatoa kijani (kinafifia kuwa kama chai baada ya muda, usishangae). Mkaa mweusi. Kama jirani ana mzingifuri fungua yale maganda ya miiba miiba, mbegu zake zinatoa wekundu wa machungwa, watoto watajipaka midomoni kwanza halafu ndo karatasi, waacheni.

Na kuna hii, nlijifunza kwenye kufua. Mnajua doa la mchuzi wa manjano kwenye kanzu nyeupe, ukilitia sabuni linageuka jekundu mtu anaruka? Basi mpe mtoto karatasi iliyopakwa manjano ikakauka, mpe na kijiti kilichochovywa kwenye maji ya sabuni ya kufulia, achore. Mstari unatoka mwekundu hapo hapo. Akikosea dondosha ndimu, unarudi njano. Jua la ukurasa wetu wa 4 limechorwa hivo, na siku ile tulichelewa kupika kabisa.

Kushona

Stepla ya kawaida haifiki katikati, na pini zinashika kutu kwa hewa yetu hii ya bahari, mwaka mmoja tu karatasi ina madoa. Shona. Unahitaji sindano ya gunia ya kutobolea, sindano ya kawaida, na uzi mgumu kama sentimita 60, uupitishe kwenye mshumaa mara mbili usifumuke.

Panga karatasi ndani ya jalada, fungua katikati kwenye kuku, toboa matundu matatu kwenye mkunjo: moja katikati, moja sentimita 6 juu, moja sentimita 6 chini. Ingiza sindano kutoka NDANI kwenye tundu la katikati itokee nje, uache mkia wa uzi ndani kama urefu wa kidole. Kwa nje panda mpaka tundu la juu, ingia ndani. Kwa ndani shuka moja kwa moja mpaka tundu la chini, ulipite la katikati, toka nje. Rudi tundu la katikati uingie ndani. Sasa una mikia miwili ndani, mmoja uwe kushoto na mmoja kulia ya ule uzi mrefu uliolala, uvute taratibu (kwa kufata mkunjo, ukivuta kwa juu utachana karatasi), funga fundo mbili, kata. Dakika 10. Bibi yangu mkwe aliziona akasema hii si ndo tunavoshonea daftari za zamani, kwa hiyo kama umekwama muulize mtu mzima wa nyumbani.

Ukitaka kopi za darasa

Toa kopi kabla hujashona! Na acha pembezoni sentimita 1 bila kitu maana mashine inakata. Kopi nyeusi nyeupe zinatosha, kila mtoto atatia rangi yake. Kama huna muda wa haya yote au unataka hadithi za kuongezea, kuna African Storybook ya Afrika Kusini na StoryWeaver ya Pratham Books kutoka India, zote zipo kwenye intaneti, zina hadithi za Kiswahili za watoto, zipo za bustani na vyakula, unapakua bure na leseni yake inaruhusu hata kuprinti na kubadilisha maneno. Badilisha nyanya iwe tungule, acha jina la aliyeandika lilivyo.

Ukurasa wa 16

Mchicha wa nazi tulioandika ni huu: mafungu mawili ya mchicha, nazi moja, kitunguu kimoja, tungule mbili, chumvi. Osha mchicha kabla ya kuukata. Chuja tui zito weka pembeni, kamua la pili jepesi. Kitunguu, tungule na tui jepesi vichemke mpaka tungule zilegee, tia mchicha dakika chache tu, mwisho tui zito na ukoroge bila kuacha mpaka lichemke, ukiliacha linakatika. Ndimu mezani.

Halafu acha mchicha mmoja usiuvune. Utarefuka, utatoa mikia, ikikauka ikung'ute juu ya kanga utapata mbegu za mwaka mzima. Sie tulizitia kwenye bahasha ndogo tukaigandisha nyuma ya jalada, tukaandika "chukua kidogo upande kwenu". Kitabu kimeazimwa na nyumba tatu mtaani, wiki iliyopita kimerudi, ukurasa wa kuku umelegea, kwenye sahani kuna doa la tui, na bahasha haina hata mbegu moja. Kesho nakung'uta mchicha mwengine.